UZI: Mori Ogai, daktari mkuu wa jeshi la Japani aliyestaafu akawa anaandika maisha ya watu wasiojulikana

Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite salama asije akaniambia nifupishe.

Kuna mzee mmoja wa Kijapani anaitwa Mori Ogai. Jina lake la nyumbani ni Mori Rintaro, hilo Ogai ni lakabu ya kuandikia. Kwao huko anawekwa benchi moja na Natsume Soseki, huku kwetu wengi tukiambiwa mwandishi wa Japani tunamtaja Murakami tukishamaliza hapo basi. Sasa mimi riwaya zake za ujanani nitazigusa juujuu tu, ninachotaka ni alichofanya uzeeni maana sijaona mtu mwingine kafanya vile. Mtu kafika cheo cha juu kabisa cha udaktari jeshini, kile ambacho ni sawa na luteni jenerali, kaenda vita mbili, anastaafu Aprili 1916 akiwa na miaka 54, na badala ya kutuandikia kumbukumbu za "mimi na vita" kama wazee wengine, anaandika maisha ya daktari mmoja wa enzi za masamurai aliyekufa zamani, ambaye hata Wajapani wenyewe walikuwa hawamjui. Na anaiweka gazetini, sehemu 119, kaanza hata kabla hajastaafu, Januari hadi Mei mwaka huohuo.

Kwanza ametokea wapi. Kazaliwa 1862 Tsuwano, kamji ka milimani mkoa unaoitwa Shimane siku hizi, ukoo wao ni matabibu wa mtawala wa pale kizazi kwa kizazi. 1872 baba akamhamishia Tokyo. Ili aingie shule ya udaktari ikabidi aongezewe miaka miwili kwenye umri (wenye vyeti vya kuzaliwa vya kuchonga mnaelewa haya mambo 😂). Akamaliza 1881 akiwa na miaka 19, akaingia jeshini, na 1884 jeshi likampeleka Ujerumani kusomea mambo ya afya ya jamii na usafi: Leipzig, Dresden, Munich kwa Pettenkofer bingwa wa mambo ya usafi, akamalizia Berlin kwa Robert Koch yuleyule wa TB. Karudi 1888. Hajakaa vizuri, binti wa Kijerumani anaitwa Elise Wiegert akashuka Yokohama kamfuata na meli! Familia ikahangaika naye kama mwezi hivi mpaka akakubali kurudi kwao. 1890 jamaa akatoa hadithi ya mwanafunzi wa Kijapani anayemtelekeza mcheza dansi Berlin, Maihime, na hiyo ndo iliyompa jina. Mengine malizieni wenyewe.

Tangu hapo maisha yake ni mchana ofisini na magwanda, usiku kalamu. 1907 akawa mkuu wa idara ya tiba wizara ya jeshi. 1909 akiwa kwenye kiti hichohicho akaandika kitabu kinaitwa Vita Sexualis, serikali ikalipiga marufuku jarida lililokitoa na naibu waziri akamwita kumpa karipio. Kigogo wa wizara kitabu chake kinafungiwa na serikali yake mwenyewe. 1913 katoa tafsiri ya Faust ya Goethe. Huyo mtu alikuwa analala saa ngapi sijui.

Nakuja na sehemu ya pili, ngojeni nile.

Chalii wa Moro

Nimekaa pale mbele kabisa mkuu, shusha vitu

Bi Tunu

Huyo Elise hajanikalia sawa kabisa. Mtu kavuka bahari yote ile halafu anapokelewa na mashemeji kwenye kikao. Haya endelea.

Msomaji wa Usiku

Sehemu ya pili. Alivyoingia kwenye historia.

Tarehe 13 Septemba 1912, siku ya mazishi ya Mfalme Meiji, Jenerali Nogi Maresuke na mkewe Shizuko wakajiua nyumbani kwao. Kumfuata bwana wake kaburini, mila ya masamurai ambayo ilishapigwa marufuku tangu karne ya 17. Nchi nzima ikachanganyikiwa, magazeti mengine yanasema shujaa, wengine wanasema huu ni ushenzi dunia itatuonaje. Ogai alikuwa anamjua Nogi vizuri tangu Ujerumani. Tarehe 18 kaenda mazishini, na siku hiyohiyo akapeleka muswada kwa jarida la Chuo Koron: barua ya mwisho ya samurai mmoja wa zamani anayeitwa Okitsu Yagoemon anayeeleza kwanini anajiua kumfuata bwana wake. Siku tano tu. Halafu sasa angalia alivyo huyu bwana, mwaka uliofuata akapata nyaraka zaidi kuhusu huyo Okitsu, akaona ya kwanza haikai sawa na ushahidi, akaiandika upya yote. Mwandishi gani unayemjua anarudi kwenye hadithi iliyoshatoka na watu wameshaisifia anaibomoa kwa sababu ya karatasi za kale?

Januari 1913 ikatoka Abe Ichizoku, na hii ndo nawaambia kama una saa moja tu ya kumsoma isome hii. Mtawala Hosokawa Tadatoshi wa Kumamoto anakufa 1641. Watu wake 18 walishaomba ruhusa wamfuate, wakaruhusiwa, wakajipasua matumbo mmojammoja. Kuna mzee mmoja, Abe Yaichiemon, yeye bwana alimnyima ruhusa. Hana kosa lolote, ni mchapakazi, ila bwana alikuwa hampendi tu, basi, ile hali ya bosi kutokukupenda hata ufanyeje. Kwahiyo anabaki hai kwa amri, na watu wanaanza kusemasema kwamba anaogopa kufa. Anachoka na maneno anajiua bila ruhusa. Hapo ndo balaa linapoanzia maana kafa bila kibali, watoto wake wanapunguziwa hadhi, mkubwa anafanya utovu wa nidhamu kwenye ibada ya bwana anauawa kama mwizi, na mwisho ukoo mzima unajifungia ndani unasubiri kuvamiwa.

Kinachoniua mimi ni jinsi anavyoandika. Hakuna sehemu anakwambia "ona ujinga huu" wala "ona ushujaa huu". Anaandika kama daktari anajaza faili la mgonjwa. Kuna yule mtunza mbwa, cheo chake cha chini kabisa, naye kaomba kufa. Anamwekea mbwa wake tonge la wali chini, anamwambia, kama unataka kuishi uwe mbwa koko kula, kama unataka kufa na mimi usile. Mbwa anamwangalia tu usoni, hali. Basi anamuua mbwa, anamfuata. Ogai anaweka nukta anaenda kwa mtu mwingine.

Bwana Kiwembe

Dah hapo kwa mbwa nimeweka simu chini kwanza

Daktari wa Zamu

Mleta uzi unaandika vizuri na nafurahia, ila mbona umeruka ugonjwa wa beriberi? Huwezi kumleta Mori Rintaro daktari wa jeshi hapa jukwaani ukaongelea mbwa ukaacha maelfu ya askari. Sisi tuliosoma historia ya lishe huyu jamaa tunamjua kwa jina lingine kabisa. Nitaiweka mimi kama hutojali.

Japani ya wakati ule askari anapewa wali mweupe uliokobolewa, kwa kijana wa kijijini huo ni utajiri, nyumbani alikuwa haupati. Tatizo ukishakoboa umetoa pumba, na kwenye pumba ndo kuna vitamini B1. Ukila wali mweupe mtupu miezi, miguu inaanza ganzi, inavimba, mwisho moyo unashindwa. Jeshi la majini 1882-83 meli yao ya mafunzo Ryujo ilisafiri na watu 376, wagonjwa 169, wakafa 25. Daktari wao Takaki Kanehiro, aliyesoma London hospitali ya St Thomas', akaomba meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ileile 1884 ila chakula kibadilishwe. Wagonjwa wachache wa kuhesabika, kifo hata kimoja hakuna. Wanamaji wakaingiza shayiri kwenye wali, ugonjwa ukaisha.

Jeshi la nchi kavu wakakataa. Wakubwa wa tiba, na Ogai akiwa mmoja wao wa mbele kabisa kwa kalamu, walisema hiyo si sayansi, Takaki hana maelezo, beriberi lazima ina kijidudu. 1889 Ogai akasimamia jaribio la kulinganisha vyakula, kupima kalori na protini, wali mweupe ukaibuka mshindi! Vita na China ya 1894-95 jeshi lilipoteza watu kama 4,000 kwa beriberi, zaidi ya waliokufa kwa risasi. Vita na Urusi 1904-05 wagonjwa kama laki mbili na nusu, waliokufa kama 27,000. Elfu ishirini na saba kwa chakula. Na gereza za Japani wafungwa walikuwa wanakula wali wa kuchanganya na shayiri kwa sababu ni rahisi, na hawaumwi.

Chalii wa Moro

Subiri kwanza yaani mfungwa mzima askari anakufa??

Daktari wa Zamu

Ndio hivyo dogo. Ni kama ile sembe na dona tu, mlo wa heshima ndo unaokumaliza.

Msomaji wa Usiku

Daktari nilikuwa nakusubiri wewe, na sikuiruka, ilikuwa inakuja. Hesabu zako ziko sawa sina ugomvi nazo. Ila naongezea vitu viwili vitatu.

Moja, Takaki naye maelezo yake yalikuwa siyo. Yeye alidhani shida ni upungufu wa protini. Kwahiyo unakuta wanamaji wana maelezo ya uongo na chakula sahihi, nchi kavu wana maabara nzuri na vipimo vilivyopimwa vizuri kabisa ila wanapima kitu ambacho sicho, maana kitu chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Eijkman, mtafiti wa Kiholanzi, yuko Java anachunguza beriberi kwa kuku wake, Suzuki Umetaro kaja kutoa kitu kwenye pumba za mchele 1910, Funk katunga jina la vitamini 1912. Pili, Ogai alikuwa na bosi, Ishiguro Tadanori, na uamuzi wa chakula cha jeshi haukuwa wa mtu mmoja. Kwenye vita na Urusi Ogai alikuwa daktari mkuu wa Jeshi la Pili, siyo wa jeshi zima.

Lakini simtetei. Alikuwa na ulimi mkali kwenye majarida ya tiba, aliwashambulia waliokuwa sahihi, hata Kitasato Shibasaburo, bingwa wa vijidudu, alimkalia kooni kwenye hoja ya kijidudu cha beriberi wakati Kitasato ndo alikuwa na haki. Osaka kuna daktari wa jeshi, Horiuchi, kaweka shayiri tangu 1884 na wagonjwa wakapungua mbele ya macho ya kila mtu. Ushahidi ulikuwepo. Alipokuwa tayari mkuu wa idara, 1908, akaanzisha tume ya kuchunguza beriberi na kuiongoza mwenyewe, na tume ile ndo ilikuja kukubali kwamba ni lishe, ila yeye alishaondoka na baadaye alishakufa.

Sasa hoja yangu mimi ndo iko hapa, na mnaweza kunipinga. Mtu huyuhuyu aliyesema ushahidi wa macho bila nadharia si kitu, uzeeni akageuka akawa mtumwa wa ushahidi. Hataki nadharia yoyote. Mwaka 1915 aliandika insha fupi akisema alipokuwa anasoma nyaraka za kale aliona kuna uasili ndani yake, akawa anachukia kuubadilisha kiholela. Mimi siwezi kuthibitisha kwamba haya mawili yana undugu, hakuna mahali kaandika hivyo. Ila nikimsoma nauona.

Daktari wa Zamu

Hapo unampa toba ambayo hakuiomba mkuu.

Bi Tunu

Na mimi nakubaliana na Daktari. Msomaji unampenda huyu mzee unamtafutia njia. Ila endelea na huyo daktari wa magazeti.

Msomaji wa Usiku

😂 sawa. Sehemu ya tatu, Shibue Chusai.

Ogai akawa anakusanya vitabu vinaitwa bukan, yale ni madaftari ya zamani yenye orodha ya watawala wa majimbo, nembo zao, maofisa wao. Vitu vya kuchosha mno, watu walikuwa wanavitupa. Kila akinunua nakala nzuri anakuta muhuri mwekundu uleule, maktaba ya Shibue. Akajiuliza huyu Shibue ni nani ambaye kabla yangu alikuwa na kichaa hikihiki. Akaanza kuandika barua kwa watu wa Hirosaki, jimbo ambalo huyo Shibue alilitumikia, kuuliza wazee, mpaka akampata mtoto wa Chusai yuko hai hapohapo Tokyo, Shibue Tamotsu, mzee anayeishi kwa kuandika na kutafsiri vitabu vya kuuza. Tamotsu akamwandikia kila anachokumbuka cha nyumbani.

Akagundua Chusai (1805–1858) alikuwa daktari, mtumishi wa serikali ya jimbo, msomi wa maandiko ya kale, anapenda na maigizo, anakusanya bukan. Yaani ni yeye mwenyewe Ogai miaka sitini nyuma. Anasema wazi kwenye kitabu kwamba wangezaliwa wakati mmoja wangegongana mabega kwenye vichochoro.

Uzuri wake ni kwamba anakuonyesha na kazi yenyewe ya kutafuta. Huyu kaniambia hivi, kaburi nimelikuta hivi, tarehe hizi mbili hazipatani nimechagua hii kwa sababu hii. Leo tungesema anaweka kila kitu mezani. Halafu Chusai anakufa kwa kipindupindu 1858 kitabu hakijafika hata nusu! Unageuza ukurasa unajiuliza sasa zimebaki kurasa zote hizi za nini. Anaendelea na mjane, watoto, binti mwalimu wa muziki wa nagauta, nani kafilisika, nani kahamia wapi, mwaka baada ya mwaka mpaka anafika 1916 yenyewe.

Na mjane ndo moto. Anaitwa Io, mke wa nne, binti wa mfanyabiashara. Siku moja wanakuja wanaume watatu kwa Chusai kumtisha wampore hela, mikono iko kwenye mapanga, Chusai kakaa anawaangalia hana la kufanya. Io alikuwa anaoga. Anatokea kifua wazi ana kitambaa kiunoni tu, kisu kakibana mdomoni, mikononi ndoo mbili za maji ya moto. Wawili wakala maji ya moto, kisu kikachomolewa alani, "wezi!", jamaa haooo. Huyohuyo mama amefika kwenye miaka sitini akaanza kujifunza kusoma Kiingereza, akawa anasoma historia ya dunia.

Bi Tunu

SASA HUYU NDIO WA KUMLETEA UZI. Kumbe ulimficha huku chini 😭

Msomaji wa Usiku

Dada kuna kitabu kizima cha Kiingereza kumhusu Io kwa kutumia kazi hii ya Ogai, kimeandikwa na Edwin McClellan wa Yale, 1985. Kitafute.

Baada ya Chusai akaandika Izawa Ranken, daktari mwingine, sehemu 371 gazetini. Wasomaji wakachoka wakawa wanaandika barua za matusi, yeye anaendelea. Hapo nakiri hata mimi napenda zaidi kujua kwamba kipo kuliko kukisoma chote. Lakini fikiria mhariri wa gazeti anayekubali kitu hicho kila asubuhi, hao nao wapewe maua yao.

Bwana Kiwembe

Mkuu kuna ile hadithi ya kwenye mtumbwi, niliisoma zamani kwenye mkusanyiko fulani wa Kiingereza, mfungwa anasindikizwa na askari usiku. Ni huyu?

Msomaji wa Usiku

Ndo yeye, Takasebune, Januari 1916. Kisuke anapelekwa uhamishoni kisiwani kwa kumuua mdogo wake, boti inateremka mto Takase hapo Kyoto, na askari Shobei anashangaa mbona huyu mfungwa ana furaha. Anamuuliza. Kumbe wafungwa wa uhamishoni wanapewa sarafu 200, na Kisuke maisha yake yote hajawahi kuwa na hela ya kuweka, ikiingia inatoka kulipa deni. Shobei anapiga hesabu za mshahara wake kichwani anaona wapo sawa tu, tofauti ni tarakimu. Halafu ndo anaeleza kuhusu mdogo wake: alikuwa mgonjwa, akaona anamlemea kaka, akajikata koo kwa wembe, wembe ukanasa, hafi haponi, anamwomba kaka kwa macho auchomoe. Kaka akachomoa. Bibi jirani akaingia sekunde hiyohiyo.

Hayo ya kumharakishia mtu kifo hayakuwa ya kusoma vitabuni kwake. 1908 kifaduro kiliingia nyumbani kwake, kikamuua mwanawe mchanga, na binti yake Mari akawa mahututi mpaka likaja wazo la kumpumzisha na dawa. Baba mkwe ndo aliyekataa. Mari akapona, akaja kuwa mwandishi mkubwa tu.

Daktari wa Zamu

Hii sikuijua. Sawa. Hadithi hiyo tuliwahi kuijadili darasani kwenye maadili ya tiba ila hakuna aliyetuambia mwandishi alikuwa daktari mwenye mtoto kitandani. Bado kwenye beriberi sijakusamehea lakini.

Kaka Mkoba

Mimi nipo Tokyo mwaka wa nne huu, kaburi lake lipo Mitaka, hekalu la Zenrinji. Kinachochekesha karibu kabisa, mkabala kwa upande, ndo kaburi la Dazai Osamu, mwandishi mwingine maarufu, na watu wote wanaenda kwa Dazai. Juni tarehe 19, siku ya kumkumbuka, pale kunajaa, wanamwekea sigara, pombe, cheri wanazibandika mpaka kwenye herufi za jina. Ogai upande wa pili kimyaaa. Na jiwe lake limeandikwa tu kaburi la Mori Rintaro, hakuna cheo, hakuna jenerali wala daktari wala lakabu.

Msomaji wa Usiku

Aliagiza mwenyewe hivyo mkuu. Siku tatu kabla hajafa, Julai 1922, alimwita rafiki yake wa tangu shule, Kako Tsurudo, akamtamkia wosia: anataka kufa kama Mori Rintaro mtu wa Iwami (jina la zamani la eneo la kwao Tsuwano), heshima zote za ikulu na za jeshi asiwekewe.

Chalii wa Moro

Wakuu niulize swali la kijinga, kweli alikuwa anakula andazi na chai juu ya wali? Niliona sehemu nikajua utani

Kaka Mkoba

Kweli kabisa, watoto wake wameandika. Manju, kale kaandazi ka Kijapani kenye maharage matamu ndani, anakavunja juu ya wali anamimina chai. Na matunda mabichi alikuwa anayaogopa kwa ajili ya vijidudu, mapichi yanachemshwa kwanza. Mwanafunzi wa Koch huyo.

Daktari wa Zamu

Wali mweupe mpaka kwenye andazi 😂😂 huyu mzee alikuwa hasikii.

Bwana Kiwembe

Mleta uzi tuanzie wapi sasa? Na vinapatikana bure?

Msomaji wa Usiku

Alikufa 1922 kwahiyo kwa Kijapani vipo wazi mtandaoni maktaba ya Aozora, haki zilishaisha. Kwa Kiingereza hadithi za kihistoria zimetafsiriwa, za kununua au maktaba za vyuo vikubwa. Anza na Takasebune, fupi, nusu saa. Halafu Sansho Dayu ya 1915, ndugu wawili wanauzwa utumwani na mama yao anauzwa kisiwa cha Sado, hii hapa kaipinda historia makusudi na akasema kaipinda, anataka kupumua kidogo. Kisha Abe. Chusai acha mwishoni, na usianze kama una haraka.

Bi Tunu

Mimi naanza na Io, hao wengine wakae foleni.

Daktari wa Zamu

Nasoma Abe wikiendi hii nikitoka zamu, Jumatatu narudi kubishana.